Ripoti Zilizofungiwa Kabatini: Njia ya Sheria za Bangi kutoka Simla hadi Vienna

Mgonjwa wa akili aliyepelekwa na polisi kwenye nyumba ya wendawazimu katika India ya Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 19, alifuatana na karatasi. Ilitaka maelezo yake, na pamoja na hayo ilitaka sababu ya maradhi. Askari aliyemwokota njiani hakuijua sababu. Pengine hata jina la mgonjwa hakulijua. Lakini nafasi ya kujaza ilikuwapo, na wakubwa hawakupenda kuiona tupu. Ikisemwa kwamba mtu huyu huvuta ganja, hiyo ilitosha, na mara nyingine hata isiposemwa iliandikwa hivyo hivyo: ganja. Karani wa hospitali alilinakili neno hilo kwenye rejesta, mwisho wa mwaka likajumlishwa na mengine, na jumla ikapanda ngazi hadi makao makuu ya serikali. Huko ilisomwa kama takwimu ya kitabibu.

Mambo hayo yangebaki uzembe wa kiofisi kama yasingezaa sheria. Leo kijana anayekamatwa na msokoto mmoja Manzese, Kisumu au Kampala anahukumiwa kwa sheria ambazo mizizi yake inafika kwenye hesabu za namna hiyo. Makala haya yanaifuata mizizi hiyo kupitia ripoti na vitabu. Nyingi kati ya ripoti hizo ziliagizwa na serikali zenyewe, zikapokewa, kisha zikafungiwa kabatini. Siandiki kuisifia bangi. Ina madhara, na nitayataja. Naandika kwa sababu sheria inayompeleka mtu gerezani lazima iwe na msingi unaoweza kuonyeshwa hadharani. Katika suala hili msingi ulikaguliwa mara nyingi, na kila ulipokaguliwa ulionekana una nyufa.

Simla, 1894

Mwaka 1893 suala la ganja ya Bengal lilifikishwa katika Bunge la Uingereza na William Sproston Caine, mbunge aliyejulikana kwa vita vyake dhidi ya ulevi. Yeye na wenzake waliamini kwamba ganja ilikuwa ikijaza nyumba za wendawazimu, huku serikali ikivuna kodi yake. Serikali ya India ikajibu kwa kuunda tume mwezi Julai mwaka huo. Ilikuwa na wajumbe saba, Waingereza wanne na Wahindi watatu, chini ya uenyekiti wa W. Mackworth Young.

Kazi waliyoifanya bado inashangaza. Waliandaa maswali 70 na kuyasambaza India nzima hadi Burma. Walikusanya ushahidi wa watu 1,193: maofisa wa kodi, madaktari, wamisionari, wenye mashamba, wafanyabiashara wenye leseni. Waliuliza mmea unalimwa wapi, nani anauvuna, unavutwa vipi, unanywewa vipi, unauzwa kwa bei gani, dini zinausemaje, na mtu anayeutumia kila siku anakuwaje baada ya miaka. Walieleza mashamba ya Naogaon, ambayo leo yako Bangladesh, ambako ganja ililimwa kwa leseni, ikawekwa kwenye maghala yanayosimamiwa na serikali na kutozwa ushuru kabla ya kutoka. Walieleza bhang inayosagwa na kuchanganywa na maziwa na viungo wakati wa sikukuu, na heshima ambayo mmea huo unapewa na waumini wa Shiva.

Kisha wakafika kwenye rejesta za wagonjwa wa akili, na hapo ndipo ripoti yao inapopata uzito wake. Hawakuzipokea hesabu kama zilivyoletwa. Waliuchukua mwaka mmoja, 1892, na kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja hadi walikotoka. Walitafuta ndugu na majirani, wakauliza mtu huyu alianza kuugua lini, je, ukoo wake una maradhi ya akili, je, alivuta kabla ya kuugua au alianza akiwa tayari mgonjwa. Mwaka ule wagonjwa 1,344 walikuwa wamepokewa. Rejesta zilidai kwamba 222 kati yao waliharibiwa na ganja, bhang au charas (utomvu wa mmea huohuo). Baada ya uchunguzi, tume ilibaki na 98 tu ambao ingeweza kusema kwa haki kwamba maradhi yao yalihusiana na dawa hizo, na hata katika hao wengine walikuwa na sababu nyingine pembeni. Zaidi ya nusu ya ushahidi uliokuwa ukitisha Bunge la London iliyeyuka mara tu mtu alipokwenda kijijini kuuliza.

Ripoti ilitiwa saini katika mji wa Simla, India, mwezi Agosti 1894. Ilifika majuzuu saba na zaidi ya kurasa 3,000. Hitimisho lake lilikuwa la kadiri: matumizi ya wastani kwa kawaida hayana madhara ya kutajika, matumizi ya kupindukia yanadhuru mwili na akili, na wanaopindukia ni wachache ukilinganisha na wanaotumia kwa kiasi. Kupiga marufuku kabisa, ilisema, kungeleta uonevu, kungewachukiza waumini na kungewasukuma watu kwenye vilevi vibaya zaidi. Tume ikapendekeza leseni, ushuru na udhibiti wa biashara.

Ripoti hiyo isisomwe kama msahafu. Serikali iliyoiagiza ilikuwa inakusanya kodi kutokana na ganja, na msomaji makini hawezi kulisahau hilo. Wajumbe wawili wa Kihindi waliandika maoni yao ya kupingana na wenzao. Mashahidi wengi walikuwa maofisa na watu wenye nafasi. Wavutaji wenyewe walisikika kidogo. Lakini njia ya kazi, ya kuikataa takwimu mpaka chanzo chake kijulikane, ni funzo ambalo baadaye wengi walilipuuza kwa gharama kubwa.

Geneva, 1925

Miaka thelathini baadaye mataifa yalikutana Geneva chini ya Shirikisho la Mataifa kuzungumzia afyuni na kokeini. Bangi haikuwa mada kuu. Afrika Kusini ilikuwa imeandika barua mwaka 1923 ikitaka dagga, yaani bangi, iingizwe kwenye udhibiti wa kimataifa, lakini barua haikuwa imepata msukumo. Msukumo ulitoka kwa mjumbe wa Misri, Dk. Mohamed El Guindy, mwezi Desemba 1924. Alisimama na kuiomba dunia iihesabu hashishi pamoja na afyuni. Nchi yake ilikuwa imeipiga marufuku tangu karne ya 19, na magendo yalikuwa yakiingia kila siku kutoka ng'ambo ya bahari. Kilio chake kilikuwa cha kweli. Alidai pia kwamba hashishi ndiyo chanzo cha kati ya asilimia 30 na 60 ya wendawazimu wote nchini Misri.

Dai hilo liliutikisa ukumbi. Kumbe hospitali ya Abbasiya ya Cairo, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini humo, ilikuwa na kumbukumbu zake. Katika mwaka wa 1920 hadi 1921 ilipokea wagonjwa 715. Walioandikwa kwamba waliugua kwa ajili ya hashishi walikuwa 19. Walioandikwa kwa ajili ya pombe walikuwa 48. Hata kuhusu hao 19, ripoti ya hospitali ilitahadharisha kwamba hashishi isichukuliwe kuwa ndiyo chanzo hasa; ilikuwa hali iliyoambatana na ugonjwa. Takwimu hizo alizikusanya upya Robert Kendell, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Uingereza, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Addiction.

Nililiangalia pengo hilo kwa muda mrefu. Asilimia 60 iliyotamkwa ukumbini, na chini ya asilimia tatu iliyokuwa kwenye kitabu cha hospitali. Uingereza na India zilikuwa na wajumbe Geneva, na serikali zao ndizo zilizomiliki majuzuu saba ya Simla, yaliyokwisha kueleza jinsi rejesta za wagonjwa wa akili zinavyoweza kudanganya. Majuzuu hayo hayakuamua lolote. Tarehe 19 Februari 1925 mkataba ulitiwa saini, na bangi ikaingia kwa mara ya kwanza kwenye udhibiti wa kimataifa. Mwanahistoria James Mills ameufuatilia mkasa huu hatua kwa hatua katika kitabu chake Cannabis Britannica cha mwaka 2003. Anayetaka kujua bangi ilihukumiwaje, aanzie hapo.

Mwaka 1961 mkataba mwingine, wa Umoja wa Mataifa safari hii, uliiweka bangi kwenye jedwali la ukali zaidi, kundi moja na heroini, na kuzipa nchi zenye desturi ya kuitumia miaka 25 ya kuimaliza. Ulitiwa saini New York tarehe 30 Machi 1961. Tanganyika ilikuwa bado miezi minane ipate uhuru. Uganda, Kenya na Zanzibar zilikuwa bado chini ya Mwingereza. Sisi hatukuwapo mezani kama mataifa huru hukumu ilipotolewa, ila tuliirithi pamoja na magereza ya kuitekeleza. India ilikuwapo. Wajumbe wake waliitetea bhang, na tafsiri ya mkataba ikayaacha nje majani na mbegu visivyoambatana na maua. Ndiyo maana hadi leo yako maduka ya bhang yenye leseni ya serikali Banaras na Rajasthan.

New York, London, Washington

Katikati ya mikataba hiyo miwili, Marekani ilikuwa na njia yake. Mwaka 1937 Harry Anslinger, mkuu wa idara ya shirikisho ya dawa za kulevya, aliisukuma sheria ya kodi ya bangi iliyokuwa marufuku kwa jina jingine. Magazeti yalijaa visa vya vijana waliovuta na kuua. Mbele ya kamati ya bunge, mwakilishi wa Chama cha Madaktari wa Marekani, Dk. William Woodward, aliuliza swali dogo lililo zito: ikiwa bangi inajaza magereza na kuharibu watoto, mbona idara ya magereza na ile ya watoto hazikuitwa kutoa ushahidi? Hakujibiwa ipasavyo. Sheria ikapita.

Meya wa New York, Fiorello LaGuardia, hakuridhika. Aliuomba uongozi wa chuo cha tiba cha mji wake, New York Academy of Medicine, ufanye uchunguzi. Askari waliovaa kiraia walitumwa kwenye vijiwe vya Harlem wakae, watazame, wasikilize. Madaktari waliwapima wafungwa waliojitolea wakiwa chini ya uangalizi hospitalini. Ripoti ilitoka mwaka 1944. Ilisema bangi haikuwa chanzo cha uhalifu mkubwa mjini, haikuleta utegemezi wa aina ya afyuni, na haikuwa mlango wa kuingilia kwenye heroini. Mwaka uliofuata jarida la chama kilekile cha madaktari, ambacho mjumbe wake aliwahi kuuliza swali zuri, liliwashauri viongozi waipuuze. Nao waliipuuza.

London ilifuata. Barbara Wootton, mwanazuoni wa sayansi ya jamii aliyekuwa pia hakimu kwa miaka mingi, aliongoza kamati ndogo ya serikali iliyomaliza kazi mwishoni mwa 1968. Katika ripoti yake, iliyochapishwa Januari 1969, kamati ilitamka wazi kwamba inakubaliana na tume ya India ya 1894 na kamati ya New York ya 1944. Hapa nyayo zinaonekana waziwazi: watu wa bara jingine, zaidi ya miaka sabini baadaye, waliifungua ripoti ya Simla na kukuta inasimama. Walitaka bangi itenganishwe na heroini kisheria na adhabu zipunguzwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, aliyakataa mapendekezo yao bungeni.

Washington nayo ikapata zamu yake. Rais Richard Nixon na Bunge waliunda tume iliyoongozwa na Raymond Shafer, aliyewahi kuwa gavana wa Pennsylvania na mwanachama wa chama cha Nixon mwenyewe. Kanda zilizorekodiwa Ikulu zinamwonyesha Nixon akimwonya Shafer, Septemba 1971, asilete ripoti laini. Shafer alileta kile tume ilichokikuta. Machi 1972 ilipendekeza kwamba mtu mzima anayekutwa na bangi kidogo ya matumizi yake asihesabiwe mhalifu. Nixon aliitupilia mbali.

Ukizipanga tume hizi pamoja, jambo moja linajitokeza. Ziliundwa na serikali zenyewe, zikajazwa watu wazito, na zikatumia njia tofauti katika nchi tofauti. Zote zikafika karibu palepale: madhara yapo, ila ukali wa sheria umezidi ukubwa wa madhara. Na serikali zote nne zilikuwa huru kuzisoma. Katika nne hizo, ni ya India peke yake iliyofuata ushauri iliopewa.

Vitabu vilivyoifungua milango

Serikali zilipofunga makabati, waandishi waliyafungua. Mwaka 1969 ripoti kuu ya Simla ilichapishwa upya Marekani, ikawafikia wasomaji waliokuwa hawajui hata kama ipo. Tod Mikuriya, daktari wa magonjwa ya akili, aliandika muhtasari wake kwenye jarida la kitaaluma, kisha mwaka 1973 akakusanya makala za kitabibu za tangu 1839 katika Marijuana: Medical Papers. Ndani yake yumo William O'Shaughnessy, daktari wa Calcutta aliyewatibu wagonjwa wa pepopunda na maumivu ya viungo kwa dawa iliyotokana na mmea huo, na aliyesababisha madaktari wa Ulaya waijue.

Kitabu ninachokiheshimu zaidi katika kundi hili ni Marihuana Reconsidered cha Lester Grinspoon, kilichotolewa na Harvard University Press mwaka 1971. Grinspoon alikuwa mhadhiri wa tiba ya akili Harvard. Alianza utafiti mwaka 1967 akiwa na nia ya kuwaonyesha vijana jinsi bangi inavyoharibu. Alizama maktaba akitafuta ushahidi wa kuwatisha, akakuta kwamba mengi aliyoyaamini hayakuwa na mguu wa kusimamia. Alikuwa na njia rahisi ya kunyamaza na kuendelea na cheo chake. Akaamua kuandika alichokikuta, na msimamo huo ulimgharimu heshima mbele ya baadhi ya wenzake.

Si kila kitabu cha upande wa mageuzi ni cha kuaminiwa vivyo hivyo. The Emperor Wears No Clothes cha Jack Herer, kilichotoka mwaka 1985, kiliwaamsha wengi, lakini kinaupa mmea huo sifa za kuiokoa dunia ambazo ushahidi wake hautoshi. Upande wa pili yupo Alex Berenson, ambaye kitabu chake cha mwaka 2019, Tell Your Children, kinaonya juu ya bangi na wazimu. Watafiti wengi walikilaumu kwa kugeuza uhusiano kuwa chanzo, lakini hofu anayoigusa si ya kubuni. Tafiti za miongo ya karibuni zinaonyesha kwamba kijana anayevuta kila siku, hasa bangi kali ya siku hizi, anajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya maradhi ya akili kuliko asiyevuta. Tume ya Simla haikukana jambo hilo. Ilisema wapo wanaoharibika, ikataka idadi yao ijulikane kwa kweli.

Kwa Afrika, ziko kazi mbili za lazima. Kitabu cha Neil Carrier na Gernot Klantschnig cha mwaka 2012, Africa and the War on Drugs, kinaeleza jinsi bara hili lilivyobebeshwa vita ambavyo halikuvianzisha. Chris Duvall, katika The African Roots of Marijuana cha mwaka 2019, anarudi nyuma zaidi: mmea ulifika mwambao wetu kupitia Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya wakoloni. Huko Ethiopia, karibu na Ziwa Tana, wanaakiolojia walichimbua vichwa vya viko vya karne ya 14 vyenye masalia yake. Duvall anaonyesha kwamba uvutaji wa bangi kwa kiko ni ufundi wa Kiafrika, na kwamba wengi walioubeba kwenda ng'ambo walikuwa watumwa na vibarua, watu waliohitaji kitu cha kupoza maumivu ya kazi. Wenye mashamba na wakoloni walimwona mvutaji, wakauona mmea. Mateso yaliyomfanya avute hawakuyaona.

Kutoka Vienna hadi kwetu

Tarehe 2 Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, yenye makao Vienna, ilipiga kura juu ya pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Wataalamu wa shirika hilo walikuwa wameichunguza bangi upya, wakashauri iondolewe kwenye jedwali kali la mwaka 1961. Kura 27 zilikubali, 25 zilikataa, mmoja hakupiga upande wowote. India ilisema ndiyo. Misri ilisema hapana. Afrika Kusini, iliyoandika barua ya mwaka 1923, ilisema ndiyo. Kenya ilisema hapana.

Afrika Kusini ilikuwa imeshabadilika nyumbani kwake. Gareth Prince, Mrastafari aliyesomea sheria akanyimwa uwakili kwa ajili ya bangi, alishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2002 kwa tofauti ya kura moja ya majaji. Hakukata tamaa. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ileile, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema kwamba kumfuata mtu mzima hadi faraghani mwake kwa sababu ya bangi yake ni kuvunja katiba. Biashara ilibaki marufuku. Watoto walibaki wamelindwa. Mwaka 2024 sheria ya kuitekeleza hukumu hiyo ilitiwa saini.

Afrika Magharibi nayo ilifanya jambo la maana. Kofi Annan aliitisha tume iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo, na Juni 2014 ikatoa ripoti iliyowataka viongozi waache kuwahesabu watumiaji wa dawa za kulevya kuwa wahalifu na waelekeze nguvu kwenye tiba na kwenye vigogo wa biashara.

Afrika Mashariki tumekuwa tukilishughulikia suala hili kwa vishindo. Mashamba ya Tarime na Arumeru nchini Tanzania yanafyekwa na kuchomwa, picha zinapigwa, msimu ujao yanapandwa tena. Mwaka 2021 Marasta wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kutumia bangi katika ibada. Mwaka uliofuata George Wajackoyah aliigombea Ikulu akiahidi kuihalalisha, akavuta umati na vicheko, na akapata chini ya asilimia moja ya kura. Uganda ilipata nafasi ya pekee Mei 2023, pale Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria ya dawa za kulevya kwa sababu ilipitishwa bila akidi bungeni. Ulikuwa wakati mwafaka wa kuuliza upya. Bunge likapitisha sheria nyingine mwaka huohuo.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hatuna uwezo. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Watu waliokuwa wakiitwa mateja na kukimbizwa mitaani walianza kupanga foleni asubuhi kama wagonjwa wengine, wakipewa kikombe chao cha dawa mbele ya muuguzi na kurudi kwenye shughuli zao. Serikali ilisoma ushahidi, ikathubutu, na huduma ikasambaa. Kama tuliweza kutumia akili kwa heroini iliyo hatari zaidi, hakuna sababu ya kushindwa kwa bangi.

Ninachokiomba si kuhalalisha kesho asubuhi. Naomba serikali zetu ziunde tume za umma zenye meno, ziketi Dodoma, Nairobi na Kampala, ziwasikilize wakulima wa milimani, wazazi waliopoteza watoto, wafungwa, polisi, mahakimu na madaktari. Zifungue kumbukumbu za hospitali za magonjwa ya akili za Mirembe, Mathari na Butabika na kuulizia kila hesabu ilitoka wapi. Zijue ni wangapi wamefungwa kwa kiasi kinachojaa kiganjani, wakiwa na umri gani, na walitoka gerezani wakiwa watu wa namna gani. Kisha zichapishe matokeo kwa Kiswahili, yasomwe na watu ambao sheria inawahusu.

Vitabu nilivyovitaja vinapatikana, na ripoti ya Simla inasomwa bure kwenye hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kisingizio cha kutojua kimekwisha. Mbunge atakayesimama kuizungumzia bangi, awe anaitetea au anaipinga, wapiga kura wake wamuulize kwanza amesoma nini.